Mstari Usiotulizwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Tena! Safari hii siachi njiani. Zoezi moja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, dogo tu, kitu chochote kilichopo mezani. Leo kikombe cha bati cha Baba, kile chenye masikio mawili. Nimekichora kwenye tableti aliyoniachia Dada alipohama. Kimetoka kama ndoo iliyokanyagwa na lori. Sawa tu. Nimekituma kundini hivyo hivyo.

Kundi lenyewe ni watu wa kuchora tuliokutana mtandaoni, kila mmoja na kwake, wengi hatujawahi kuonana sura. Jumatano ni siku ya kukosoana. Sheria: useme zuri, useme kosa, useme dawa. Ukitaja kosa bila dawa unatolewa. Msimamizi tunamwita Kifutio, maana neno lake la kwanza kwa kila mtu ni "futa." Amechora vitabu vya watoto tangu ana nywele. Na mimi hicho ndicho ninachokitaka. Vitabu vya watoto! Nimechoka kupanga kadi za harusi na mabango ya mafuta ya nywele pale kwenye uchapaji wa Bosi.

Jumatano, 5 Machi

Kifutio kanikosoa. Zuri: nimeona kivuli kilichomo ndani ya kikombe, wengi hawakioni. Kosa: mdomo wa kikombe una pembe mbili, na duara halina pembe hata ukilitazama kwa ubavu. Dawa: viduara, ukurasa mzima kila asubuhi, kila kimoja kwa mkupuo mmoja. Anasema mstari ni pumzi, usiukate katikati.

Nimefurahi siku nzima. Mtu mzima na akili zangu, nachekelea kukosolewa kikombe.

Jumamosi, 8 Machi

Viduara. Kuna kitu. Ninapouvuta mstari kuja chini upande wa kulia, unacheza. Vijino vidogo vidogo, kama ukingo wa stempu. Nimebadilisha ncha ya kalamu. Nimefuta kioo kwa kitambaa cha miwani. Bado. Nimebadilisha kiti.

Kahawa, labda. Naacha kahawa.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kumnyoa Baba. Ni kichekesho cha Mungu hiki: kinyozi ananyolewa na binti yake. Nusu ya mtaa imepita chini ya wembe wake, mababu, baba zao, wajukuu. Kisha mkono ukaanza kucheza. Ukiwa umelala magotini hauna neno. Anyanyue kitu tu, kijiko, funguo, kikombe, unaanza. Ndiyo maana ya masikio mawili.

Daktari alisema ugonjwa wenyewe hauui. Nilikuwepo, nilisikia. Alisema na lingine, kwamba huwa unatembea kwenye familia. Dada alikuwa anaandika majina ya dawa. Mimi nilijifanya naangalia dirishani.

Leo nimemnyoa vizuri sana. Mkono umetulia kabisa! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, ndiyo hayo. Nimerudi kwenye kahawa yangu.

Jumanne, 11 Machi

Umerudi. Na sikunywa kahawa kabla, nilinywa baada.

Jumatano, 12 Machi

Mama Pacha wa kundini (ana mapacha, huchora wakiwa wamelala) alikuwa anamwelekeza mgeni mmoja. Kasema kwenye programu yetu kuna kipimo cha kutuliza mstari, kiko kwenye mpangilio wa brashi. Ukikipandisha, mkono unaweza kucheza utakavyo, mstari unatoka umenyooka.

Nimekipandisha kidogo. Duara likatoka kama limepigwa bikari! Nikacheka peke yangu mezani. Baba akauliza kulikoni. Nikamwambia nimejua kuchora.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekipandisha tena kidogo.

Bosi kapita nyuma ya kiti changu nikiwa nachora mtoto na mwavuli wakati wa chakula cha mchana. Akasimama. Akawaita na wenzangu, njooni muone. Yeye mwenyewe alinyolewa na Baba siku ya harusi yake, anaikumbuka hiyo kuliko harusi. Akanipiga bega, akasema maji hufuata mkondo, huu mkono ni wa mzee mtupu, umeurithi.

Nikasema asante. Nikaenda chooni nikafungua bomba ili wasisikie. Sikulia. Nilisimama tu nikiuangalia mkono unavyolowa.

Jumapili, 16 Machi

Nimemnyoa. Mkono mzuri. Karibu mzuri. Kwenye kidevu nilipumzika mara kadhaa, nikajidai nasuuza wembe. Baba alifumba macho muda wote.

Jumatano, 19 Machi

Siku mbaya. Kifutio kaweka kikombe changu cha kwanza na mwavuli wangu wa juzi pamoja, watu wote waone. Nikajua nitasifiwa. Kwanza zuri: umbo la mtoto limekaa, uzito uko kwenye mguu wa kushoto kama inavyotakiwa. Kisha kosa. Mstari umekufa. Anasema kikombe kilikuwa kibovu lakini kilichorwa na mtu, mwavuli umechorwa na mashine. Dawa: zima kile kipimo cha kutuliza. Weka sifuri. "Utaona aibu wiki mbili, halafu utaona raha."

Nikaandika kwamba sikitumii.

Akajibu kwa neno moja: "Zima."

Amejuaje? Mtu hajawahi kuniona hata pua. Naogopa kwamba mtu anaweza kukusoma kwenye mstari wa mwavuli.

Alhamisi, 20 Machi

Nimezima. Sifuri. Mstari mrefu hauwezekani. Nimeuvuta, nimefuta, nimeuvuta, nimefuta. Nikiubana mkono kwa mkono wa pili mtetemo unapungua, kisha unahamia kwenye kiwiko! Nimeshindwa hata mguu wa meza.

Kwa hasira nikaacha mistari kabisa. Nikachukua brashi nene nikawa nadona. Dona, dona, kama kuku. Rangi kando ya rangi. Baba alikuwa amesinzia kwenye kiti cha dirishani, mwanga umemkalia begani, shati lake la kijani lililochoka. Sikuchora ukingo wa kitu chochote. Nilidona tu mpaka akaamka. Nikachelewa kazini.

Jumapili, 23 Machi

Mafua, nimesema. Nitamnyoa keshokutwa. Baba akajipapasa mashavu akasema hana pa kwenda, labda mbinguni, na huko wanapokea na ndevu.

Sina mafua.

Jumatano, 26 Machi

Niandike taratibu, maana mkono na moyo vyote vinakimbia.

Nilituma ile picha ya Baba amesinzia kwa sababu sikuwa na nyingine. Kundi limewaka moto. Mama Pacha kasema bega linapumua. Mwingine kasema akiitazama usingizi unamjia na yeye. Kifutio aliwaacha wote wamalize, kisha akaandika. Zuri: kingo. Anasema kingo zangu zinatetemeka kwa namna ambayo yeye ameitafuta miaka na hajaipata, shati linaonekana kama limeguswa na upepo wakati mtu mwenyewe hajasogea. Kosa: masikio makubwa. (Ni makubwa kweli, hajamwona Baba.) Dawa: "Usiguse kitu."

Anasema anamfahamu mhariri anayetafuta mchoraji wa kitabu cha watoto. Anataka kumpelekea. Ila kwanza anataka Jumapili ya tarehe sita nifundishe kundi zima. Tableti niiegemeze, simu niitungike juu, kamera iangalie mkono. Wote wauone mkono unavyofanya kazi.

Wanaupongeza ugonjwa! Nimesubiri maneno hayo tangu niko msichana, na yamekuja, na yanausifia ugonjwa. Au si ugonjwa. Sijui. Sijaenda popote kuuliza, kwa hiyo bado si ugonjwa.

Nimejibu: "Asante sana, nitajitahidi." Mjinga mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempigia Dada. Nikamuuliza habari za mvua, za watoto, za shemeji. Kisha nikauliza, kama mtu aliyekumbuka tu, hivi daktari wa Baba alisemaje siku ile kuhusu familia.

 Nikasikia anafunga mlango huko kwake.

Akasema kila asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, ananyoosha mikono yote miwili mbele ya kioo. Tangu siku ile ya daktari. Hajamwambia hata mumewe. Yake bado mizima. Akauliza, "Kwa nini unaniuliza, mdogo wangu?"

Nikasema chaji inaisha.

Ilikuwa imejaa.

Ijumaa, 28 Machi

Leo kazini nimeacha kikombe mezani mpaka chai ikapoa, ili nisikinyanyue mbele ya watu. Bosi akauliza kama nimefunga. Nikasema tumbo.

Mafua, chaji, tumbo. Mficha maradhi... Sitaimalizia methali hiyo. Naijua inavyokwisha.

Jumapili, 30 Machi

Nimemkata Baba.

Kidogo. Chini ya taya, mahali ngozi inapolegea. Keshokutwa niliyomwahidi haikuja, kwa hiyo ndevu zilikuwa za wiki mbili, ngumu kama brashi ya viatu. Maji ya moto, povu, taulo begani, kila kitu kama alivyonifundisha. Shavu la kwanza salama. Nilipofika chini ya taya nikaona ncha ya wembe inacheza juu ya povu. Ningesimama! Nilitaka kumaliza haraka, ndilo kosa. Damu ikatoka, nyembamba, ikashuka kwenye povu.

Baba hakufumbua macho. Hakusema "aa." Nikawa naomba radhi, nimeshika taulo, natafuta lile jiwe lake la kukausha damu. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha, macho bado amefumba, akasema, "Kidole cha mwisho. Kiegemeze shavuni kwangu."

Sikuelewa. Akanyanyua mkono wake, ukaja unatetemeka mpaka ukaupata wangu, akakishika kidole changu kidogo akakibandika shavuni kwake, pale chini ya jicho. "Hapo. Uzito wote upeleke hapo. Wembe utatulia."

Ukatulia.

Nikanyoa.  Nilipofika kwenye kidevu akasema miaka miwili ya mwisho alinyoa hivyo, kidole shavuni kwa mteja, na hakuna aliyejua. Walidhani ni madaha ya ufundi. Vijana wa vinyozi wengine wakaanza kuiga! Akacheka mpaka nikauondoa wembe.

Kisha akauliza, "Umeanza lini?"

Nikasema mwanzoni mwa mwezi.  Akasema, "Basi wangu ulianza siku aliyozaliwa dada yako, nilimshika nikadhani ni furaha."

Nimelia kwenye taulo lenye povu. Yeye akakaa na nusu ya shavu jeupe, akisubiri. Naogopa. Niliogopa kabla, lakini nilikuwa na nafasi ya kukosea. Sasa fundi mwenyewe ameutambua.

Jumatatu, 31 Machi

Nimejaribu ile dawa ya kidole kwenye tableti. Kidole cha mwisho kikiwa juu ya kioo, uzito hapo. Kweli mstari unatulia. Siyo sana, lakini duara linapita.

Lakini nikipaka rangi hivyo, bega halipumui. Shati linakuwa shati la kwenye bango la Bosi. Nikikinyanyua kidole, linarudi.

Nimekaa nimeangalia zile picha mbili mpaka Baba akaniuliza kama nimekula. Zuri: ninajua jinsi ya kuuficha. Kosa: kilicho kizuri ndicho ninachokificha. Dawa sina.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwandikia Kifutio kwamba Jumapili sitaweza, nina msiba. Sikutuma. Nani amekufa? Nikaandika nina safari. Nikafuta. Nikaandika kweli: mkono wangu unatetemeka, sijui utafika wapi, huenda mwakani siwezi kushika kijiko, usimwambie mhariri. Niliisoma mara nyingi. Nikafuta na hiyo.

Nani anampa kitabu mtu ambaye mkono wake unaondoka? Mimi nisingempa. Bosi akijua ataanza kunihamishia kwenye mashine ya kukata karatasi, halafu atakumbuka visu vyake, halafu mapokezi, halafu nyumbani. Atafanya kwa huruma kabisa. Ndiyo inayotisha.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemuuliza Baba ilikuwaje siku waliyomkimbia wateja. Nilitaka kujua mbaya kabisa inafananaje, nijiandae.

Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya kununua mwezi. Akasema hakuna aliyekimbia. Alimkwaruza mtu mmoja sikioni, mwalimu mstaafu, na yule mwalimu wiki iliyofuata alirudi na sikio lile lile. Ni yeye Baba aliyemwona anakuja, akafunga mlango, akageuza kibao, akakaa ndani gizani mpaka mtu akaondoka. Kesho yake akauza viti.

"Hakuna aliyenifukuza," akasema. "Nilifunga mwenyewe."

Kisha akasema supu ina chumvi nyingi. Ilikuwa na chumvi nyingi kweli, nilimwaga. Mkono.

Jumamosi, 5 Aprili

Dada kapiga. Hakunisalimia. Akasema Jumanne kuna daktari, yule yule, ameshapiga huko mwenyewe, nitaenda na nisimletee habari za chaji. Kumbe alijua. Nikasema ndiyo Dada.

Somo ni kesho saa nne asubuhi. Nimetungika simu kwenye taa ya mezani kwa kamba ya viatu. Inaonyesha meza, tableti, na mahali mkono utakapokuwa. Nimeiwasha kujaribu. Nimeuweka mkono wangu pale, nimeshika kalamu, nikauona kwenye kioo cha simu kama mkono wa mtu mwingine. Nikaizima.

Jumapili, 6 Aprili

Naandikia jikoni. Wameshaingia wote. Niliwasalimu, nikawasha kamera ya juu, meza ikaonekana, kalamu, picha ya Baba upande mmoja na ukurasa mweupe upande wa pili. Kifutio ana sauti nyembamba, sikuitegemea! Nilidhani ana sauti ya ngoma. Akasema mhariri naye yumo, amekaa kimya kwenye kona, anataka kuona tu. Hakuniambia! Akasema tuanze na mstari mrefu mmoja, kutoka juu mpaka chini, kipimo cha kutuliza kiwe sifuri, ili wenzangu waone ukingo unavyozaliwa.

Nikanyanyua mkono. Ulikuwa unacheza kabla haujafika kwenye kamera.

Nikasema samahani, nafuata chaja.

Chaja iko mfukoni. Nimesimama hapa nimeegemea sinki, daftari juu ya mfuniko wa sufuria, mwili mzima sasa unatetemeka na siwezi kusema upi ni ule na upi ni woga. Kidole kikiwa chini hawataona kitu. Watauona mstari mzuri uliokufa, watashukuru, nitaomba radhi, basi. Au dirisha la nyuma. Nimelitazama kweli, mimi na makalio yangu haya.

Kiti kimeburuzwa sebuleni, mpaka mezani. Baba. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, amevaa shati la kijani, nilimwambia asisogee asije akaingia kwenye picha.

Kifutio anasema, "Naam, tumekuona, karibu, usiwe na haraka."  Kisha Mama Pacha, taratibu sana, "Jamani, mbona mkono unatetemeka hivyo?"

Baba ameshika kalamu yangu. Nasikia ncha inagonga kioo, ta-ta-ta-ta, ule mlio wa kijiko chake kwenye bati.

 

"Huu ni wa baba yake," Baba anawaambia. Kwa sauti ya dukani, ile ya zamani, ya kumwambia mteja akae. "Wa kwake unakuja. Subirini kidogo, alifuata chaja."

Sasa ananiita. Nimeiweka chaja kwenye sinki. Naja, Baba, naja.